Nani Kala Riali 180? Kusomesha Uhasibu kwa Hadithi za Upelelezi



Leo nataka nizungumze nanyi juu ya kazi yangu ya kila siku, nayo ni kusomesha uhasibu, na juu ya njia moja ambayo nimekuwa nikiitumia kwa miaka kadhaa hapa Maskati: hadithi za upelelezi. Najua wengi wenu ni watu wa lugha na fasihi, na neno uhasibu likitajwa tu mtu huanza kutafuta mlango. Stahamilini kidogo. Sehemu kubwa ya maneno haya inamhusu Bwana Msa.

Kwanza tatizo lenyewe. Kijana anayemaliza mwaka wa kwanza wa uhasibu anajua kuandika kila jambo mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti. Anajua kuandaa urari, yaani ile orodha ya masalio yote ya leja ambayo jumla ya kushoto lazima iwe sawa na jumla ya kulia. Mpe mtihani, atapasi. Jumla mbili zikilingana anapiga mistari miwili chini yake, anafunga kalamu, na anaamini kwa moyo mmoja kwamba kazi imekwisha. Hapo ndipo penye hatari. Hesabu zinaweza kulingana mpaka baisa ya mwisho na pesa isiwepo. Na kinyume chake ni kweli vile vile: hesabu zinaweza kukataa katakata kulingana na hakuna mtu aliyeiba hata senti. Kijana asiyeelewa mambo haya mawili nampeleka wapi? Nikimpa cheti atakwenda kutia saini chini ya uongo, au atamfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Yote mawili nimeyaona, na sikuyaona mara moja.

Vitabu vya kiada havisaidii sana hapa, maana ndani ya vitabu hivyo kila mtu ni mwaminifu. "Kampuni ilinunua bidhaa kwa mkopo." Nani kanunua? Kwa nani? Saa ngapi? Nani mwengine alikuwapo? Hakuna. Mwanafunzi anapewa namba zilizokwishaoshwa, kazi yake ni kuzianika tu.

Fikra ya kutumia riwaya si yangu. Mwaka 1978 walimu wawili wa uchumi wa Marekani, William Breit na Kenneth Elzinga, walitoa riwaya iitwayo Murder at the Margin kwa jina la kubuni la Marshall Jevons. Mpelelezi wao ni profesa wa uchumi, Henry Spearman, anayewabaini wauaji kwa kanuni za uchumi: akimwona mtu anafanya jambo lisilolingana na faida yake, anajiuliza kwa nini. Baadaye wakaongeza The Fatal Equilibrium, 1985, na nyengine. Kwa upande wa uhasibu kuna Larry Crumbley, aliyesomesha Texas A&M na kisha Louisiana State University, ambaye pamoja na wenzake aliandika mfululizo wa riwaya za mhasibu mpelelezi, Lenny Cramer, ili wanafunzi wazisome sambamba na kitabu cha kiada. Na upande wa viwanda, Eliyahu Goldratt na Jeff Cox walitoa The Goal mwaka 1984, ambayo haina maiti, ina kiwanda tu kinachokaribia kufungwa, lakini msomaji anakesha nayo.

Nimezisoma hizi, nyengine kwa raha na nyengine kwa subira. Ugonjwa wa riwaya za namna hii, nnavyoona mie, ni kwamba mara nyingi hadithi inasimama ili mtu atoe mhadhara. Risasi zimerindima, mtu kaanguka, halafu mwenzake anakaa kitako kueleza uchakavu wa mashine kwa kurasa tatu. Hiyo ni sukari juu ya kidonge. Mwanafunzi si mjinga, analamba sukari, kidonge anakitema.

Kanuni ninayoifuata ni moja, na ndiyo nnayotaka kuieleza leo: kitanzi cha hadithi lazima kining'inie kwenye namba yenyewe. Mwanafunzi asiweze kujua kitakachofuata mpaka apige hesabu. Akiweza kufurahia hadithi bila ya kalamu, basi mwalimu amefanya kazi ya mtu wa redio, si yake.

Na hapa ndipo nilipogundua kwamba sisi wenyewe tulikuwa na mwalimu wa jambo hili muda mrefu. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka kitabu mwaka 1960. Kabla ya kuingia kwenye magazeti aliwahi kuwa mkaguzi katika idara ya afya, na mie napenda kufikiri kwamba ukaguzi haukumtoka. Mtazameni Bwana Msa anavyofanya kazi. Hana bastola, hapigani, hakimbizi gari. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana tabia ya kuuliza maswali madogo madogo ya nani alikuwa wapi na saa ngapi, kisha kulinganisha maneno ya huyu na ya yule. Mji mzima uko tayari kumsingizia mzimu, yeye anatafuta mkono wa mtu. Huo ni ukaguzi wa hesabu, ndugu zangu, hauna jina jengine! Mzimu wa siku hizi maofisini unaitwa "sistimu". Pesa haionekani? Sistimu. Risiti imetoka mara mbili? Sistimu. Nawaambia wanafunzi: mkisikia neno hilo, washeni kiko. (Wanacheka, lakini kuvuta sigara siwafundishi.) Mzee huyo huyo mwaka 1974 alitoa kitabu akakiita Siri ya Sifuri. Mhasibu akitafuta jina zuri kuliko hilo hatolipata.

Wale wapenzi wa Willy Gamba msinikasirikie. Elvis Musiba nampenda, na tena yeye alikuwa mfanyabiashara khasa, aliyewahi kuwa rais wa chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo cha Tanzania, TCCIA. Lakini Willy Gamba ni mtu wa ngumi na ndege. Kwa darasa langu Bwana Msa anafaa zaidi.

Sasa niwaeleze hadithi yenyewe. Nimeiweka hapa hapa Mawaleh, katika soko kuu la mboga na matunda, ambalo mwaka 2024 lilihamishiwa Khazaen, Barka. Aliyewahi kuingia soko lile alfajiri anakumbuka: malori, mikokoteni, ndizi, kelele za lugha sita. Wanafunzi wangu wote walilijua, wengine wazee wao walikuwa wakinunua pale kwa ajili ya maduka. Naiandika kwanza kwa Kiswahili, maana fitina hainijii kwa Kiingereza, kisha naigeuza kwa ajili ya darasa. Wale vijana ambao kwao kunasemwa Kiswahili wanaitambua mara moja. Mmoja aliniambia, "Profesa, huyu bibi wa sura ya pili ni nyanya yangu."

Yupo tajiri wa jumla, muuza ndizi na ndimu. Anaye karani wa miaka ishirini, mzee anayesifiwa na soko zima, maana katika miaka hiyo hajachukua likizo hata siku moja. Sura ya kwanza inaishia kwenye droo. Daftari la siku linasema droo iwe na riali 36 zaidi ya zilizomo. Kijana mpakiaji, wa kutoka ng'ambo, alionekana amesimama karibu na droo. Tajiri kashika simu, anataka kuita polisi. Nafunga kitabu hapo. Nawaambia wanafunzi: kabla ya wiki ijayo mniambie apigiwe polisi au asipigiwe, na kwa hesabu, si kwa huruma.

Wiki ile wanagombana. Wengine wanasema apigiwe. Mpaka mmoja, ambaye mara nyingi si yule wa kwanza darasani, anagawa 36 kwa 9. Mtu akipindua tarakimu mbili zinazofuatana, au akiteleza nafasi moja akaandika 50 mahali pa 5, tofauti inayotokea daima inagawanyika kwa 9. Si ushahidi kamili, maana namba nyingi nyengine nazo zinagawanyika kwa 9, lakini ni alama ya kukuambia tafuta upande gani kwanza. Wakipitia risiti za siku ile ambazo nimewapa, wanaikuta: mteja alilipa riali 48.500, daftarini imeandikwa 84.500. Hapajaibiwa kitu. Pesa ile haikuwahi kuwapo.

Ukimya unaoingia darasani dakika ile siwezi kuupata kwa ubao. Wale waliosema polisi aitwe wanatazama meza. Ninaye jamaa yangu, sitomtaja wala sitotaja mahali, aliyeachishwa kazi ya duka miaka mingi iliyopita kwa pungufu ambalo hakuna aliyelikagua, na alikufa watu wakimwita mwizi. Kanuni ya 9 inajulikana na kila mhasibu. Hakuna aliyejisumbua kugawa.

Basi sura za mwanzo zinawafundisha kwamba pungufu si wizi. Sura za kati zinageuza kibao. Yule karani mzee anaugua, analazwa hospitali siku kumi. Mahala pake anawekwa binti aliyemaliza chuo juzi. Siku ya kwanza tu anakuja mwenye mkahawa, amekasirika: kwa nini mmenipigia simu mnanidai, na mie nililipa? Ana risiti mkononi. Binti anatazama daftari, na huku urari wa mwezi umelingana sawasawa. Sura inaisha.

Mchezo wenyewe ni huu, nawaeleza nyinyi kwa sababu hamfanyi mtihani wangu. Mwenye mkahawa alilipa deni lake la riali 180 tarehe 3. Pesa ile ikatoka. Tarehe 8 muuza sharubati akalipa riali 240. Karani akaandika kwamba 180 katika hizo zimetoka kwa mwenye mkahawa, na 60 tu kwa muuza sharubati. Tarehe 12 mwenye duka la vyakula akalipa 300, ikaandikwa 180 kwa muuza sharubati na 120 kwake. Shimo la huyu linazibwa kwa pesa ya yule. Kila siku pesa inayopelekwa benki ni sawa na iliyoandikwa siku ile. Debiti sawa na krediti. Wateja watatu walilipa jumla riali 720, benki zikafika 540, na daftari linaonesha kwa utulivu kabisa kwamba riali 180 bado ziko kwa wadaiwa. Lakini nenda kawatafute hao wadaiwa. Hakuna mtu chini ya jua anayedaiwa pesa hizo. Huo ndio mzimu wetu wa watu wa kale, unahama kutoka jina hili kwenda jina lile, na lazima apatikane mtu wa kuuhamisha kila siku. Ndiyo maana mzee hachukui likizo.

Wanafunzi wanapoelewa jambo hili, kwamba ile sifa ya uaminifu ndiyo iliyokuwa dalili, nywele zinawasimama. Na tazameni kinachomfichua: si jumla, ni tarehe. Risiti inasema 3, daftari linasema 8. Bwana Msa angeuliza swali hilo hilo. Baada ya hapo sina haja ya kuwahubiria kwa nini mabenki mengi yanamlazimisha mfanyakazi aende likizo, au kwa nini mkaguzi anawaandikia wateja barua mwenyewe kuuliza salio lao badala ya kumtuma karani, au kwa nini mtu anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika daftari. Wanayasema wao.

Sura ya tisa inatoboa siri nyengine: riali 180 za kwanza hazikuchukuliwa na karani. Alizichukua mtoto wa tajiri, akasema nitarudisha kesho, na mzee akaona haya kumwambia baba mtu. Kesho haikufika. Sasa mwizi ni nani? Hapo wananigawanyikia darasa pande mbili, na wengine wanaendelea kubishana mpaka kwenye gari.

Si kila somo linakubali hadithi. Viwango vya kodi, uchakavu, namna ya kupanga mizania kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, hivyo fundisheni kwa ubao na mazoezi. Vile vile kuna hatari ya kumfanya kijana aone majambazi kila pembe. Ndiyo maana nilimweka yule mpakiaji asiye na kosa mwanzo kabisa, kabla ya mwizi yeyote kutokea, na sibadilishi mpango huo hata wakiniomba.

Watu huniuliza, kwa nini usitumie kesi za kweli, zimejaa tele? Natumia, lakini baadaye. Kashfa ya EPA katika Benki Kuu ya Tanzania ni mfano mzuri: zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, ukaguzi wa Ernst & Young ukaonesha hati za kughushi, na Januari 2008 Gavana Daudi Ballali akaondolewa. Lakini mwanafunzi akianza na kesi hiyo anatazama ukubwa wa pesa na majina ya wakubwa. Anakaa kama mtazamaji wa mpira. Riali 180 za ndizi zinamlazimisha atazame mkono na kalamu. Akishazielewa hizo, bilioni 133 anazisoma kwa jicho jengine: hati ilikuwapo, saini ilikuwapo, deni lenyewe je?

Hadithi ya kweli ninayomalizia nayo mwaka ni ya Goldenberg, na simsomeshi mkubwa yeyote wa kashfa ile. Namsomesha David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, fomu za madai ya fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi zikipita mezani kwake. Fomu zilikuwa na mihuri. Lakini Kenya ingetoa wapi dhahabu na almasi za thamani ile? Mwaka 1993 alizitoa nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashitakiwa, na hata mashitaka yalipoanguka kazi hakurudishiwa. Akahamia Mombasa kujaribu kuanza maisha mapya. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Bosire, akatunzwa kwa ujasiri wake, na mwaka 2006 akafariki, hali yake ikiwa duni. Hapa Willy Gamba hatokei kumwokoa. Nawaeleza wanafunzi hivyo hivyo, bila ya kupaka rangi, kwa sababu kesho baadhi yao watakaa kwenye meza kama ile na ni haki yao wajue bei.

Kuna jambo jengine ambalo sikulitegemea, na limenishughulisha kuliko yote. Binti mmoja, baada ya sura ya risiti, alikwenda dukani kwa baba yake akaanza kulinganisha tarehe za risiti na daftari. Daftari analiandika ammi yake. Hakukuta kitu, kila tarehe ilikuwa mahala pake. Lakini nyumbani palichafuka. Baba kamwambia, "Unamkagua ammi yako?" Ammi akasusa kuja kula Ijumaa mbili. Alinijia ofisini akilia.

Nyote mnaijua khabari hii. Sisi watu wa pwani, na jamaa zetu wa hapa, biashara zetu ni za ukoo, na kumkagua ndugu ni kumtukana. Nilimkumbusha binti, naye akamkumbusha baba yake, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na haikubagua jamaa na baidi. Mzee ni mtu wa msikiti, hakuwa na jibu. Sasa ammi mwenyewe ndiye anayemwita binti mwisho wa mwezi waje walinganishe pamoja. Nimeambiwa anajisifu nalo sokoni.

Sura zote kumi na mbili ninazo kwa Kiswahili, nyingi bado ziko kwenye madaftari ya mkono. Iliyobaki kunisumbua ni ya saba, ya stoo ya ndimu. Ndimu zinaoza na zinakauka, na kwenye daftari la stoo hasara ya kukauka na hasara ya kuibiwa zina sura moja. Nataka mwanafunzi aweze kuzitenganisha kwa hesabu, na kwa hilo nahitaji kujua gunia la ndimu linapungua uzito kiasi gani kwa wiki katika stoo isiyo na kipoza hewa, joto la Juni. Aliyewahi kuuza ndimu, iwe Mawaleh, Kariakoo au Darajani, na aniandikie.

Wassalaam,
Mawaleh, Maskati